Geuza Chini Juu Kabla ya Kulipa: kununua michongo ya miti katika masoko ya jioni ya Chiang Mai

Kama safari yako ya Thailand ina siku mbili za ziada na unataka kurudi nyumbani na mchongo wa mti wa maana, zitumie Chiang Mai. Mji huu wa kaskazini, ulioanzishwa mwaka 1296 kuwa makao ya ufalme wa Lanna, bado una watu wanaokula kwa jasho la patasi. Kilomita kama 15 kusini yake kipo kijiji cha Baan Tawai, ambako nyumba nyingi ni karakana kwa mbele na makazi kwa nyuma. Michongo mingi utakayoikuta kwenye meza za masoko ya jioni mjini imepitia huko.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: mfanyabiashara aliyefika Bangkok kufuata mzigo akapata nafasi ya kupanda kaskazini, mwanafunzi aliye likizo, familia iliyo matembezini. Huhitaji kuwa seremala. Unahitaji tochi ya simu, karatasi laini nyeupe mfukoni, na ujasiri wa kugeuza kitu chini juu mbele ya mwenye mali.

Kwa nini soko la jioni linataka uangalifu

Meza moja inaweza kubeba tembo watatu wanaofanana kabisa kwa mbali. Mmoja amechongwa kwa mkono. Wa pili amekatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, kisha akasuguliwa kwa msasa. Wa tatu hajawahi kuwa mti: ni resini iliyochanganywa na unga wa mbao, ikamiminwa kwenye kalibu. Wote wamepakwa rangi ile ile ya kahawia, na wote watatu utaambiwa ni msaji. Taa za soko huficha viraka, watu wanakusukuma kwa nyuma, na ukishaondoka hakuna kurudisha mali.

Muuzaji naye mara nyingi siye aliyechonga. Amenunua kwa jumla, na huenda hata yeye hajui ni mti gani. Akikupa jibu lisilo sahihi usimhesabu kuwa mwongo. Jibu litafute kwenye kitu chenyewe.

Sababu ya pili ni mti. Novemba 1988 mvua kubwa zilileta mafuriko kusini mwa Thailand, na milima iliyokatwa miti ikaporomoka pamoja na magogo juu ya vijiji. Watu mamia walikufa. Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa kibiashara katika misitu ya asili. Tangu hapo msaji halali hutoka kwenye mashamba ya kupandwa, kwenye mbao za nyumba kuukuu zilizobomolewa, au nje ya nchi. Ndiyo maana umekuwa ghali, na ndiyo maana jina lake linabandikwa kwenye miti isiyo yake.

Wachongaji walihamia kwenye miti mingine: chamcha, mti mkubwa wa kivuli unaokua haraka, ambao kiini chake ni kahawia iliyokolea na ukingo wake mweupe kama maziwa; mwembe, uliokwisha kuzaa na kukatwa; na aina za mikesia. Hiyo ni miti mizuri na haina aibu yoyote. Hasara ni kuilipia bei ya msaji.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anaingia sokoni na faida. Msaji ndio huo huo mtiki wa mashamba ya Longuza, Mtibwa na Kilombero. Milango mingi ya kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni mbao zake. Kama umewahi kupitisha kiganja kwenye mlango wa namna hiyo, unaijua ile hali ya mafuta kidogo chini ya vidole na rangi ya asali iliyokolea. Iamini kumbukumbu hiyo kuliko kibandiko cha bei.

Soko lipi, jioni ipi

*Soko la usiku la Barabara ya Chang Klan* hufunguliwa kila siku, kuanzia magharibi hadi kama saa 5 usiku. Lina vitu vingi na bei za kuanzia zilizopandishwa. Ni pazuri kwa kujifunza kilichopo, kununua kusubiri.

*Mtaa wa matembezi wa Jumapili*, Barabara ya Ratchadamnoen, huanzia Lango la Tha Phae na kuingia katikati ya mji wa kale. Magari hufungiwa njia, na watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao huja kuuza wenyewe. Kama una jioni moja tu, iwe hii. Nenda mapema, saa 11 jioni, kabla msongamano haujakunyima nafasi ya kushika kitu. Saa 12 kamili wimbo wa taifa unapigwa kwenye vipaza sauti, na mtaa mzima husimama kimya. Simama nao, hata kama mkononi una bakuli la mbao na bei iko katikati.

*Mtaa wa matembezi wa Jumamosi*, Barabara ya Wua Lai, ni mtaa wa masonara wa fedha. Michongo ipo, ila michache.

*Baan Tawai* si soko la jioni; huko nenda mchana. Naitaja kwa sababu moja: kitu chochote usichoweza kukibeba kwa mkono mmoja kinunue huko, kwenye mwanga wa jua, mbele ya karakana. Soko la jioni liachie vitu vidogo na vya kati. Wanaokwenda kinyume na hili ndio wanaojikuta wamenunua meza nzima ya msaji isiyo ya msaji.

Msimu nao una neno. Mvua hunyesha kati ya Mei na Oktoba, na mti uliokaa kwenye unyevu huo hunywa maji. Novemba hadi Februari ni miezi mikavu ya baridi, na mchongo unaoushika wakati huo uko karibu zaidi na hali utakayoishi nayo nyumbani.

Kwanza, yazoeze macho

Kabla ya kwenda sokoni Jumapili, pitia Wat Phan Tao, hekalu dogo lililo jirani na Wat Chedi Luang, hatua chache kutoka Ratchadamnoen. Ukumbi wake umejengwa kwa msaji, na hapo zamani ulikuwa sehemu ya makao ya mtawala. Juu ya mlango kuna tausi aliyesimama juu ya mbwa, amezungukwa na nakshi zilizopakwa dhahabu. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, vua viatu, kisha simama chini ya mlango huo kwa dakika kumi.

Angalia mambo matatu. Kwanza kina: nakshi nzuri ina tabaka, jani liko mbele ya shina na shina liko mbele ya kivuli. Pili ukingo: mistari inaishia kwenye ncha kali, haififii. Tatu mwendo: lile umbo la Kithai la mwali wa moto unaojikunja, liitwalo kanok, halirudiwi kwa kipimo kilekile upande hadi upande, mkono wa fundi unalibadilisha kila linapojitokeza. Ukitoka hapo kwenda kwenye meza za soko, nusu ya vilivyopangwa vitajiondoa vyenyewe.

Utakutana pia na maumbo haya: thepphanom, kiumbe wa mbinguni aliyekutanisha viganja kifuani; kinnari, nusu mwanamke nusu ndege; naga, joka la maji; singha, simba mlinzi; na tembo, ambaye hakosekani. Kama nyumbani kwako hampendi sanamu za viumbe, Thailand ina mengi ya kukupa bado. Paneli za kanok na za yungiyungi hukaa vizuri kabisa kwenye ukuta wa nyumba ya pwani, kwa kuwa yungiyungi limechongwa kwenye milango yetu pia.

Mbele ya meza: hatua kumi

1. Salimia kabla ya kushika. Kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, kisha onyesha kitu kwa mkono mzima, si kwa kidole. Ukipewa ishara ya ndiyo, chukua kwa mikono miwili.

2. Pima uzito. Msaji mkavu ni wa wastani, kama kilo 650 kwa mita moja ya ujazo. Chamcha kwa kawaida ni mwepesi kidogo zaidi. Kitu kidogo kinachovuta mkono kwenda chini, na baridi kinapogusa shavu, ni resini au ni mti mbichi. Vyote viwili virudishe mezani.

3. Geuza chini juu. Hapa ndipo nakuomba uchelewe. Mbele ya mchongo hupambwa kwa ajili ya mteja. Chini yake hakuna anayepapamba. Mti wa kweli utakuonyesha miduara ya ukuaji au vinyweleo vyake pale ulipokatwa kukingama, na mara nyingi alama za msumeno. Resini itaonyesha uso laini wa rangi moja, vitobo vidogo vya hewa, au mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Kikiwa kimegandishwa kitambaa chini, bandua pembe kidogo kwa ruhusa. Ukikataliwa, umepata jibu.

4. Fuata mistari ya mti ikizunguka kona. Mstari unaopita mgongoni mwa tembo unapaswa kuteremka ubavuni na kutokea tumboni. Ukikatika kwenye kona, au mchoro uleule ukijirudia kila baada ya inchi chache, huo ni mchoro wa rangi.

5. Tafuta patasi. Chungulia kwenye pembe za ndani: kati ya vidole, nyuma ya sikio, chini ya jani. Mashine hukata kwa kichwa cha mviringo kinachozunguka, hivyo pembe zake za ndani ni za duara na sakafu yake ina vijistari vya ngazi vilivyo sawa. Patasi huacha pembe kali na vibapa vidogo visivyolingana.

6. Mlinganishe na ndugu yake. Omba mwingine wa aina ileile. Michongo miwili ya mkono haiwezi kuwa na kasoro moja mahali pamoja.

7. Mulika kwa pembeni. Laza tochi ya simu karibu na uso wa mbao ili mwanga upite juu yake. Nyufa zilizozibwa kwa unga wa mbao na gundi zitainuka au kuzama. Ufa mdogo uliozibwa kwa uaminifu si mwisho wa dunia, lakini uwe kwenye bei. Ufa unaoelekea moyoni mwa gogo utaendelea kufunguka, uache.

8. Tafuta bungua. Matundu madogo ya duara peke yake yanaweza kuwa ya zamani. Unga laini unaomwagika ukigonga mchongo juu ya karatasi yako nyeupe maana yake mdudu yumo na anakula. Mashaka makubwa yawe kwenye sehemu nyeupe za chamcha na mwembe. Kiini cha msaji huwashinda wadudu wengi.

9. Sugua kwa karatasi. Sehemu isiyoonekana, mara tatu, kwa nguvu kidogo. Rangi ya kahawia au harufu ya kiwi ya viatu ikibaki kwenye karatasi, mti umepakwa ili ufanane na mwingine au uonekane wa kale.

10. Kagua viungo. Pembe, masikio na mikia ya tembo mara nyingi huchongwa kando na kupachikwa. Tikisa taratibu. Kisha angalia mkonga: mistari ya mti ikiukata kwa upana badala ya kuufuata kwa urefu, mkonga huo utavunjika njiani hata ukiufunga kwa blanketi. Fundi mzuri huanza kwa kuchagua jinsi gogo litakavyosimama, na hapa ndipo ujuzi wake unaonekana kuliko kwenye mapambo yoyote.

Hatua hizi zote huchukua kama dakika tano ukishazizoea. Muuzaji mwenye mali nzuri hachukii. Nimewaona wanaofurahi, wakaanza kutoa vitu bora kutoka chini ya meza, kwa sababu wamepata mtu anayejua anachotazama.

Chura anayelia

Utamsikia kabla ya kumwona: chura wa mbao mwenye mgongo wa meno, na kijiti cha kumkwaruzia kinachotoa sauti ya chura halisi. Ni zawadi nzuri kwa mtoto, ni rahisi, na inaingia kwenye mfuko wa koti. Usimchague kwa sura. Chukua watatu wa ukubwa mmoja, wakwaruze mmoja baada ya mwingine kutoka mkiani kwenda kichwani. Sauti inayovuma na kukatika safi ni ya mti mkavu uliochimbwa vizuri ndani. Sauti ya kupwaya, yenye mtetemo kama wa kikombe kilichopasuka, ina ufa hata kama huuoni. Chura mdogo hulia juu, mkubwa hulia chini. Ukinunua wanne wa ukubwa tofauti utawapa watoto bendi nzima.

---

KISANDUKU CHA TAHADHARI: vitu vya kuacha mezani

☐ Sanamu ya Buddha, kichwa chake au kiungo chake. Sheria ya Thailand ya mwaka 1961 kuhusu mambo ya kale na vitu vya sanaa inadhibiti kuvitoa nje ya nchi. Kwa sanamu za Buddha, hata mpya, unahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, na maombi huchukua siku. Hirizi ndogo unayoivaa shingoni ni jambo jingine. Muuzaji anayekuambia "hakuna shida, ifiche kwenye nguo" hatakuwa nawe uwanja wa ndege. Zaidi ya sheria, kwa watu wa huko hiyo ni sanamu ya ibada, na kuiweka sebuleni kama pambo kunawaumiza. Sanamu za miungu mingine nazo ziulizie kibali kabla ya kulipa.

☐ Kitu "cha kale". Utaonyeshwa ham yon, kipande cha nakshi kilichowekwa juu ya mlango wa chumba cha kulala katika nyumba za Lanna ili kuwakinga waliomo. Fikiri hivi: kama ni cha kale kweli, huwezi kukitoa bila kibali, kama si cha kale, usilipe bei ya kale. Hakuna njia ya tatu.

☐ Mti mwekundu uitwao phayung. Ni ndugu wa mpingo wetu. Uliingizwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES mwaka 2013, na Thailand inaulinda vikali kwa sababu misitu imeporwa kwa ajili yake.

☐ Pembe za ndovu, hata zikiwa kipande kidogo kilichopachikwa. Ukiambiwa ni mfupa na huna namna ya kuhakiki, uache. Msomaji anayerudi Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa kesi ya pembe inavyokuwa.

☐ Kitu chenye magome. Wadudu hujificha humo, na wakaguzi wa mimea wana haki ya kukuzuia.

---

Kupatana bei

Mnunuzi aliyezoea Kariakoo au Gikomba anajua kuvutana, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Kaskazini mwa Thailand sauti ya juu, kejeli kuhusu mali, au kuondoka kwa hasira ili uitwe, humfedhehesha muuzaji mbele ya jirani zake. Atakachofanya ni kutabasamu na kukuacha uende. Patana kwa upole na kwa tabasamu, na usianze kabisa kama huna nia ya kununua. Ukitaja bei naye akaikubali, umenunua.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Zunguka kwanza. Uliza bei ya kitu kimoja kinachofanana kwenye meza tatu, bila kutoa ahadi.
2. Amua moyoni kiwango cha juu utakachotoa, kwa baht. Kipigie hesabu ya shilingi ukiwa hotelini, si mbele ya meza.
3. Muulize bei. Atakuandikia kwenye kikokotoo na kukupa. Andika yako kwenye kikokotoo hichohicho na umrudishie. Kwenye soko la usiku la Chang Klan anza karibu na theluthi mbili ya alichotaja. Kwenye mtaa wa Jumapili pungufu ni dogo, asilimia kumi au kidogo zaidi.
4. Ukitaka nafuu ya kweli, ongeza idadi badala ya kukamua bei. Vitu vitatu kwenye meza moja hupata bei ambayo kimoja hakipati.
5. Lipa taslimu kwa noti ndogo. Wenyeji hulipa kwa simu kupitia benki zao. Wewe huenda usiweze.

Kufika mapema kuna faida nyingine. Mteja wa kufungua biashara ana heshima kule kama alivyo kwetu: utamwona muuzaji akizichukua noti zako na kuzigusisha kwenye mali yake yote ili ivute wengine. Saa hiyo huwa mwepesi wa kupunguza.

Na kama aliyekaa nyuma ya meza ana patasi mkononi, vumbi la mbao kwenye magoti na kazi aliyoifikisha nusu, usimpunguzie kama unavyompunguzia mchuuzi. Uliza bei, omba kidogo mara moja, kisha lipa. Mchongo uliomchukua siku nzima unashindana na ule wa mashine uliotoka kwa dakika chache, na akiacha kazi hiyo wewe ndiye utakayekosa cha kununua mwaka kesho. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wachongaji wa Mwenge na wa Wamunyu wanaujua ushindani huohuo.

Maneno machache ya kwenda nayo

- *Sawatdi khrap* (ukiwa mwanamume), *sawatdi kha* (ukiwa mwanamke): salamu
- *Thao rai?* Bei gani?
- *Lot dai mai?* Unaweza kupunguza?
- *Mai arai?* Ni mti gani?
- *Mai sak:* msaji
- *Khop khun:* asante. Ongeza *khrap* au *kha* mwishoni, kama kwenye salamu.

Kufunga na kusafirisha

Muuzaji atakifunga kitu kwa gazeti na mfuko. Hiyo inatosha kufika hotelini tu. Nunua plastiki yenye mapovu ya hewa na ufunge upya usiku huohuo, ukianza na sehemu zinazochomoza: mkonga, pembe, vidole, mabawa. Jaza nafasi kati ya mkonga na kifua kwa soksi au fulana, halafu ndipo uzungushie plastiki mwili mzima. Watu hufanya kinyume: wanazungushia mwili, mkonga unabaki ukining'inia hewani ndani ya furushi, nao ndio wa kwanza kupigwa. Kizuri zaidi kisafiri na wewe ndani ya ndege, ila kitu chenye umbo la rungu au upanga kiweke kwenye begi kubwa mapema.

Omba risiti au hata karatasi iliyoandikwa kwa mkono yenye tarehe, kitu na bei. Forodha ya nyumbani itauliza thamani, na bila karatasi watakadiria wenyewe.

Kwa vitu vikubwa ulivyonunua Baan Tawai, kampuni za kusafirisha zipo hapohapo kijijini. Kabla ya kulipa, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi:

- Bei ni ya kufikisha bandarini Mombasa au Dar es Salaam, au hadi mlangoni? Tofauti ni kubwa. Wengi hulipa ya bandarini wakidhani wamemaliza, kumbe gharama za bandari, wakala na ushuru ndiyo kwanza zinaanza.
- Gharama inahesabiwa kwa mita za ujazo? Karibu kila mara ndivyo. Maana yake tembo aliyeinua mkonga analipiwa pia hewa iliyo chini ya mkonga. Paneli bapa husafiri kwa bei nafuu zaidi.
- Sanduku la mbao la kufungia lina muhuri wa suke la ngano, herufi TH na herufi HT? Muhuri huo unaonyesha kwamba mbao zimepashwa moto kuua wadudu. Sanduku lisilo nao linaweza kuzuiwa hata kama mchongo wenyewe hauna tatizo.
- Bima inagharimia kuvunjika, au kupotea tu?

Piga picha kila upande wa kitu kabla sanduku halijafungwa.

Kikishafika nyumbani

Usikikimbize ukutani. Mti uliotoka kwenye unyevu wa Chiang Mai ukaingia Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi utapoteza maji haraka, na haraka ndiyo inayopasua. Fungua furushi nusu, uliweke chumba chenye kivuli kwa wiki mbili, halafu ndipo ukitoe kabisa. Mahali pake pa kudumu pawe mbali na jua la dirishani, kiyoyozi na ukuta wa jiko. Nta ya mbao kidogo mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Mafuta ya kupikia usitumie kabisa, yanaoza na kunata. Bakuli la vanishi libaki la matunda na mapambo. Chakula cha moto kisiguse.

Ukiona unga mpya chini ya mchongo mdogo, fanya hivi leo, usisubiri kesho:

1. Uweke kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa.
2. Uweke kwenye friza lenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14.
3. Utoe, na uuache ndani ya mfuko uliofungwa kwa siku nzima hadi upate joto la chumba. Ukifungua mapema, maji yatatua juu ya mbao.
4. Uweke juu ya karatasi nyeupe kwa mwezi mmoja na uangalie kama unga unarudi. Ukirudi, rudia yote.

Paneli zenye rangi au dhahabu usizigandishe kabla ya kumwuliza fundi, kwa kuwa rangi inaweza kubanduka.

Na ufa mwembamba ukijitokeza kwenye kiangazi cha kwanza, usikimbilie gundi. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe kwa nyuma. Masika yakija mti utavimba tena, na nyufa nyingi za namna hiyo hujifunga. Ukiuziba wakati umefunguka, mti ukivimba utasukuma kile kizibo na kujipasua pengine. Subiri mwaka mzima upite. Ufa ukiwa umevuka alama zako, mpelekee seremala.